Jinsi Nilivyomponya Gorata Hofu ya Kuku

Jumatatu, 4 Machi
Leo somo la saikolojia limenifaa. Ajabu. Daktari Mmusi alieleza kwamba ukimlisha mbwa kila unapopiga kengele, mwishowe kengele peke yake itamtoa mate. Na hofu, akasema, hujifunzwa vivyo hivyo. Basi Gorata, msichana mzuri kuliko wote chuoni, akakiri mbele ya darasa zima kwamba anaogopa kuku. Utotoni kuku mwenye vifaranga alimrukia usoni. Sasa akisikia kuku tu, pumzi zinamkatika. Tangu aje Francistown hajarudi kijijini kwao Tutume kumwona bibi yake, maana ua wa bibi umejaa kuku. Mtu mzima! Kuku! Onkabetse, ninayelala naye chumba kimoja, alitikisa kichwa kama mchungaji msibani. Mnafiki. Nitamponya mimi. Atanipenda.

Jumanne, 5 Machi
Onkabetse kamuuliza Daktari tiba. Kaambiwa waende polepole, kwa hiari ya Gorata mwenyewe: kwanza picha, kisha unyoya, kisha kuku wa mbali. Jioni nzima alikuwa akikata picha za kuku gazetini. Kwa mwendo huo bibi atazikwa kwanza. Yangu ni fupi: magwinya, yale maandazi yetu ya kukaanga, ya moto mdomoni, jogoo hai mbele ya macho. Utamu utafuta hofu. Kwisha.

Alhamisi, 7 Machi
Mma Seboko, mpishi wetu, kaniazima jogoo wake. Alinionya kwamba huyo hapendi kushikwa. Nilimwambia hii ni sayansi.

Nilimficha kwenye boksi chini ya meza ya chumba cha kusomea. Gorata akaja, nikampa gwinya, nikamwambia afumbe macho. Alipouma tu, nikafungua boksi.

Gorata alijikunyata pembeni, anatweta kama anayezama. Jogoo hakumjali. Alinirukia mimi, akanichana sikio kwa kucha. Eti nilipiga kelele kuliko Gorata. Hayo ni maneno ya Onkabetse, aliyekuja kuvunja mlango ambao haukuwa umefungwa.

Gorata alipopata pumzi aliniambia polepole, "Modiri, nilikuamini. Usinikaribie tena."

Shukrani hakuna. Na sasa hata magwinya hataki kuyaona.

Jumamosi, 9 Machi
Sikio lina bandeji. Alfajiri jogoo aliwika na nikajikuta uvunguni mwa kitanda. Nilikuwa natafuta kiatu. Onkabetse aliuliza mbona nimelowa jasho. Joto, nikamwambia.

Nimeamua kwenda darasani kwa njia ya nyuma, mbali na jikoni. Mazoezi ni afya. Bwalo la chakula nimeacha pia, wanapika vibaya. Mto wangu wa manyoya nimemgawia Onkabetse. Unaniwasha.

Alhamisi, 21 Machi
Nimemwona Gorata ameketi benchi la nje ya jikoni, Onkabetse kando yake. Mma Seboko alikuwa amempakata tetea hatua chache kutoka kwao. Gorata alilishikilia benchi kwa mikono miwili, lakini hakuondoka. Baadaye akasogea karibu mwenyewe. Upuuzi mtupu. Niliyaona yote kutoka ghorofani, dirisha likiwa limefungwa.

Jumatatu, 25 Machi
Gorata alikwenda Tutume mwishoni mwa wiki. Katuonyesha picha kwa projekta ukutani: anawarushia kuku mtama, bibi kamshika kiuno, analia na kucheka. Darasa lilipiga makofi. Mimi niliangalia sakafu. Kuku walikuwa wakubwa mno pale ukutani.

Halafu Daktari Mmusi akaniita. Alisema ameniona nikizunguka njia ya nyuma hata siku ya mvua. Akauliza kama nalala vizuri. Alisema kwa upole kwamba kadiri ninavyokwepa ndivyo jambo linavyokua, na kwamba yuko tayari kunisaidia. Nilimshukuru, nikamwambia awasaidie wenye shida.

Kisha akauliza kama ningekubali kuketi mbele ya darasa wiki ijayo nisimulie yaliyonipata, tangu boksi hadi leo. Alisema katika miaka yake yote ya kufundisha hajapata mfano ulio wazi kama mimi.

Mfano! Hatimaye mtu amekiona kipaji. Nimekubali papo hapo. Nitavaa tai. Onkabetse, ambaye hajaombwa chochote, alinitazama kwa huruma. Wivu huo.