Ganzi Avaa Koti la Kampuni

Mjini walimwita Ganzi, maana alipokuchoma hukusikia kitu mpaka yeye ameshafika mbali. Siku hiyo aliingia duka la dawa kutafuta kivuli tu. Akamwona kijana wa koti jeupe akibeba maboksi ya vidonge hadi kwenye gari, na fundi dawa akimshukuru. Hakuna aliyelipa, wala hakuna aliyebishana.

"Kwani zinapelekwa wapi?" akauliza.

"Zinarudi kampuni," alijibu fundi dawa, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. "Toleo lake lina kasoro. Ikitokea hivyo tunatoa zote, haibaki hata moja."

Ganzi aliaga kwa adabu kubwa. Tajiri hukusanya mali kwa miaka. Mwenye akili huazima koti. Naye aliazima kwa muuza nyama, akalifua mpaka damu karibu yote ikakubali kutoka.

Wiki iliyofuata mkewe alimkabidhi kodi ya nyumba ampelekee mwenye nyumba. "Ukirudi na hadithi, utalala nayo nje," alimwambia, na mkewe hakuwa mtu wa utani. Ganzi akatia pesa mfuko wa ndani, akavaa koti, akapitia kwanza kwa Shangazi. Dawa ya maumivu ya viungo, ile ghali iliyojaa rafu ya juu, tayari ilikuwa na mnunuzi. Angeiuza kabla ya adhuhuri, alipe kodi, abaki na ya kujipongeza.

"Natoka kampuni," alisema, akataja namba ya toleo aliyoisoma rafuni siku ile, akaikariri. "Tumegundua kasoro. Samahani sana kwa usumbufu."

Shangazi alivaa miwani, akasoma boksi, akamtazama Ganzi, akalitazama koti, hasa pale kifuani palipobaki doa moja kaidi. "Afya za watu si mchezo," alisema. Akashusha maboksi yote, akayaingiza kwenye kabati la wavu nyuma ya kaunta, akazungusha utepe mwekundu, akatia kufuli. Kisha akachukua simu.

"Unampigia nani, Shangazi?" Ganzi aliuliza haraka.

"Wateja. Waliokwisha kununua nao lazima warudishe. Au nyie huwa mnawaacha?"

"Hapana, hapana. Wapigie."

Kumbe siku ile alifika shughuli ikiisha. Mwanzo wake hakuuona.

Chai ya Shangazi haijapoa, foleni ilishafika barabarani, kila mtu na chupa yake. "Mwakilishi wa kampuni ni huyo hapo," Shangazi akawaelekeza. "Atawarudishia pesa zenu."

Ganzi alilitazama kabati. Mali iliyomo iliizidi kodi kwa mbali. Mvumilivu hula mbivu, akajiambia, akafungua mfuko wa ndani. Akamlipa babu mwenye chupa nusu. Akafuata fundi viatu mwenye chupa tupu.

"Hii mbona haina hata kidonge?"

"Ndiyo maana nina wasiwasi, daktari. Vyote viko tumboni."

Foleni nzima ikamwonea huruma, na Ganzi akalipa. Nyuma yake walikuja wenye chupa zilizotoka jalalani moja kwa moja, nao wakalipwa. Ujanja, jamani, haukugawiwa mtu mmoja.

Wa mwisho alikuwa mama mkwe wake. Ganzi alikuwa amewaambia wakwe kwamba anauza bima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Bima siku hizi zina koti?"

"Nimehamishwa idara."

"Hongera." Akampa chupa ya dawa ya kikohozi cha watoto.

"Mama, hii siyo yenyewe."

"Basi nimuulize Shangazi, tena kwa sauti?"

Mtu anaweza kumtapeli hakimu, lakini habishani na mama mkwe mbele za watu. Ganzi akampa noti zote zilizosalia, kwa mikono miwili.

Foleni ikaisha, na mfuko nao ukaisha. "Sasa naomba maboksi yangu," alisema.

"Yako haya." Shangazi alimsukumia gunia la chupa. "Vidonge nimevitoa, ila chupa umezilipia. Za kabatini hazisogei mpaka mkaguzi azione kwa macho yake. Yule kijana wa wiki iliyopita alikuja na mkaguzi, alikuwa amekaa garini, hukumwona? Leo naye yuko njiani. Na simu ya kwanza niliwapigia kampuni. Wanasema wana hamu sana ya kukufahamu. Nikuletee chai?"

Ganzi hakusubiri chai. Alitoka kwa hatua za heshima mpaka kwenye kona, na pale konani heshima akaiacha.

Alirudi nyumbani akiwa na hofu kweli kweli, gunia begani, akitunga uongo na kuutupa, akitunga mwingine. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mke wangu, ile kodi..."

"Imelipwa. Mama alipita hapa. Anasema leo umempa pesa hadharani, kwa mikono miwili. Akaongezea zake, akamlipa mwenye nyumba."

Ganzi alishusha pumzi. Tangu aoe, hakuwahi kuwapenda wakwe zake namna ile.

"Kesho anahamia," mkewe akaendelea. "Anasema aliyelipa kodi hakosi chumba. Tena mkwe akiwa daktari, ya nini kuhangaika na foleni za hospitali?"

"Mimi si..."

"Lifue hilo koti. Anataka umkande magoti kila jioni, ukiwa umelivaa."