Mume wa Senema

Jumatatu, 4 Julai 1955
Wamekuja! Lori la Wazungu wa senema limesimama penye mzani wa pamba, hapahapa Nkoma. Wanataka picha ya kufundisha wakulima kuchambua pamba: nyeupe huku, fifi, ile chafu, kule. Mkalimani wao, Januarius, kijana wa Mwanza mwenye miwani, ametangaza wanatafuta mume na mke. Watatoka shambani, watakaa mkekani wachambue, watapeleka gunia mzanini, watacheka. Basi.

Mke kapatikana papo hapo. Nyanjige, binti wa mzee Shigela. Nani mwingine? Nimekuwa nikipanga kumposa tangu mvua za mwaka juzi. Bado napanga.

Mume: Marcelo. Marcelo! Akicheka utadhani mbuzi kaonja chumvi. Eti ana kifua. Mimi Boniventura, fundi cherehani, niliyesoma misheni, nimepewa kuwa mpita njia. Nitapita nyuma yao na gunia kichwani, limeniziba uso wote.

Nimeuliza kama gunia haliwezi kukaa begani. Januarius kasema Mzungu analitaka kichwani.

Jumanne, 5 Julai
Mazoezi. Marcelo na Nyanjige mkeka mmoja. Anamgusa mkono. Ati Mzungu kasema! Mimi napita nyuma, narudi, napita tena, mpaka shingo imezama mabegani. Nimekatazwa kugeuza uso. Nilikuwa nageuza kidogo tu. Kila nilipopita.

Wazo limenijia nikiwa chini ya gunia. Mama Milembe, muuza maziwa ya mgando, hakosi kupumzika kibarazani kwangu. Jioni nimemnong'oneza kwamba lile jicho la kioo la mashine ya senema si zuri. Mwanamume akitazamwa nalo, hazai tena. Nimesema mwanamume. Nimelirudia neno: mwanamume. Kisha nimemsihi asimwambie mtu.

Kumsihi Mama Milembe asimwambie mtu ni kumpa mtu ngoma na kumwomba asiipige.

Jumatano, 6 Julai
Ushindi! Marcelo hakutokea. Katuma salamu kwamba kiuno kinamuuma. Januarius akageukia vijana wengine. Ajabu, viuno vya kijiji kizima vinauma. Nikajitokeza taratibu, kama mtu anayejitoa kwa ajili ya nchi. Nikapewa shati jeupe na kofia. Nikaketi mkekani kumngoja mke wangu.

Akaja mzee Shigela peke yake, na fimbo. Kasema binti yake hapigwi picha. Habari iliyofika kwake ni kwamba jicho lile hukausha tumbo la mwanamke.

La mwanamke! Maneno yamegeuka njiani! Nilitaka kusimama nisahihishe. Nikaitazama ile fimbo. Nikaketi.

Januarius alibembeleza hadi miwani ikaingia ukungu. Wapi. Mzungu akatazama jua, akasema kitu kifupi. Wanawake wote wakarudi nyuma, isipokuwa mmoja. Mama Milembe. Kasema tumbo lake limemaliza kazi yake zamani, na likauke tu.

Nimechambua pamba na Mama Milembe asubuhi nzima. Nimecheka kila nilipoamriwa. Mbele ya watu wote kanigombeza kwamba nachanganya fifi na nyeupe. Mzungu kafurahi sana, kataka arudie.

Alhamisi, 7 Julai
Lori limeondoka kwenda Ipililo. Nyanjige amekuja kibarazani na gauni la kushonwa pindo. Moyo uliruka. Nilidhani pindo ni kisingizio.

Macho yake yalikuwa mekundu. Akanisimulia habari za kaka yake, Sayi, aliyegombana na baba yao akaenda machimboni. Machimbo gani, hawajui. Hajatuma neno. Januarius alikuwa amemwambia kwamba picha zile hutembezwa na gari kila mahali, hata kambi za machimbo.

"Nilitaka Sayi anione," akasema. "Aone nimekuwa mkubwa. Aone pamba tunachambulia palepale. Labda angekumbuka nyumbani."

Nikashika sindano, sikujua niichome wapi.

"Fundi, wewe umesoma," akasema. "Ni kweli lile jicho linakausha tumbo?"

Ni hapo. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna mwingine kibarazani. Neno moja tu lilihitajika, tena fupi. Ningeweza hata kukodi baiskeli tukaliwahi lori.

"Watu wanasema," nikajibu.

Akanishukuru. "Wabeja," akasema, akaenda zake polepole, kama mtu aliyetoka msibani. Nimeshona pindo lile, nimelifumua, nimelishona tena. Bado limepinda.

Jumamosi, 9 Julai
Sijapata raha tangu juzi. Leo nimeamua: naenda kwa mzee Shigela nikaseme yote. Nimevaa koti. Nimeyafanyia mazoezi maneno yangu njia nzima, kwa sauti. Ng'ombe wote wa Nkoma wamesikia toba yangu.

Nimefika. Nani ameketi pale na bakuli la maziwa? Marcelo, mwenye kiuno kizima kabisa! Alikuja kumpa Nyanjige pole. Kumbe wamekuwa wakizungumza siku zote hizi, yeye na Nyanjige, wale wawili walioikosa picha pamoja. Marcelo ameahidi pamba ikiisha tu atakwenda machimboni, moja baada ya jingine, amtafute Sayi mpaka ampate. Mzee alikuwa akifuta macho. Nyanjige alikuwa akimtazama Marcelo. Mimi sijawahi kutazamwa hivyo.

Nikafungua kinywa. Mzee Shigela akaniuliza nimeleta jambo gani.

Nikasema nimekuja kuuliza kama kuna mtu anahitaji suruali.

Akafurahi! Akasema nimeletwa na Mungu, nimpime mkwe wake mtarajiwa. Nimempima Marcelo mbele yao wote. Kifua kipana kweli.

Jumapili, 4 Septemba
Marcelo ameondoka jana kumtafuta Sayi. Nyanjige alimsindikiza hadi barabarani na kusimama pale hata vumbi la lori lililomchukua lilipokwisha. Mimi niliona yote kutoka kwenye cherehani. Suruali ile imemkaa vizuri mno.

Leo kanisani nimeomba kwa moyo wote. Nimeapa sitatia tena neno la uongo katika sikio la mtu yeyote wa Nkoma. Nimetoka nikiwa mwepesi kama pamba.

Mchana amepita mchuuzi wa samaki, Kashindye, mtu wa Lamadi kule ziwani, si wa hapa. Koti lake limechanika kwapani. Ni mtu wa kuzunguka minada yote, na anapenda mazungumzo. Kesho anapeleka sato kwa mzee Shigela. Nimemwambia akae, nitamshonea bure. Nimemuuliza, hivihivi tu, kama huko ziwani hajamwona kijana mmoja, Marcelo, akipanda mtumbwi na mwanamke.

Kasema hamjui Marcelo.

Nimemweleza alivyo.