Malalamiko Dhidi ya Molekuli Iliyokataa Kukaa Shimoni

Ofisi ya Hesabu za Kompyuta,
Ghorofa ya Tatu

Kwa Mkurugenzi wa Taasisi

YAH: UTOVU WA NIDHAMU WA MOLEKULI KATIKA MAABARA YA CHINI

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini u mzima, na kwamba barua hii itakukuta umekwisha kunywa chai, maana inataka mtu aliyetulia. Mimi ni yule wa ghorofa ya tatu ambaye kwa miaka sita nimekuwa nikikokotoa kwa kompyuta jinsi gesi ya sumu ya moshi wa magari inavyojishika kwenye uso wa madini ya platini, ili platini ipate kuisafisha. Maabara ya chini, inayofanya kazi hiyohiyo kwa platini ya kushikika, inaongozwa na mke wangu. Leo ni siku ya kumi na moja mke wangu hasemi nami, na mkosaji ni molekuli. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta yangu ilikokotoa wiki tatu bila kupumzika, ikatoa jibu safi: molekuli ya gesi hiyo hukaa kwenye kishimo kilicho kati ya atomu tatu za platini, imejibanza humo salama salimini. Mke wangu akaiangalia kwa hadubini yake, akasema imekaa juu ya kichwa cha atomu moja, wima, kama mtu aliyepanda stuli kubadilisha taa. Nikamwambia aitazame vizuri. Akaitazama vizuri. Bado ilikuwa juu. Huo ni ukaidi, Ndugu Mkurugenzi, na sisemi ni wa nani.

2. Nilishuka nikabandika tangazo kwenye mtambo wake, kwa lugha ya heshima kabisa: "Molekuli zote zinaombwa kukaa kwenye vishimo zilivyopangiwa." Mke wangu alilibandua mbele ya wanafunzi na kuniuliza kama nina homa. Molekuli nazo zikajifanya hamnazo. Siku hiyo ndipo aliponinunia.

3. Platini yake imekosa malezi. Yangu ya kwenye kompyuta ina atomu thelathini na sita tu, zimejipanga mistari, na za safu mbili za chini nimezifunga zisitikisike. Kwangu hakuna joto, hakuna vumbi, wala mtu wa kupiga chafya. Yake ina mabilioni ya atomu ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu, zinatetemeka mchana kutwa, na nyingine zimekaa upandeupande. Katika mazingira ya ovyo kama hayo, molekuli itajifunza nini?

4. Nyumbani kumepoa. Tulimwita mama mkwe atusuluhishe. Alisikiliza pande zote mbili, akauliza hicho kidude kina ukubwa gani, na nilipomweleza akavaa viatu vyake akaondoka. Sasa tunawasiliana kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji, na cha jana kilisema "Mchele umekwisha," bila hata jina langu. Zamani tulikuwa tunabishana hadi chakula kinaungua, tunacheka, tunakila hivyohivyo. Siku hizi hakiungui kitu. Inaniuma, Ndugu Mkurugenzi, sikufichi.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako iiandikie molekuli barua ya onyo, nakala kwa platini. Platini yenyewe isimamishwe kazi kupisha uchunguzi, na kuanzia sasa itambulike ile ya kompyuta pekee. Wananchi watangaziwe kwamba moshi wa magari tayari umesafishwa ghorofa ya tatu, na yeyote atakayeendelea kukohoa ahesabiwe kuwa ni kosa la kipimo. Mwisho, mke wangu aamriwe kwa maandishi kukiri kwamba molekuli iko shimoni, na arudi kula nami chakula cha mchana. Kama ofisi ina kazi nyingi, ianze na hilo la chakula.

Nisalimie wote hapo ofisini: katibu muhtasi, dereva wako, na yule mama wa stoo anayeninyima wino. Nyumbani kwako pia, wakubwa kwa wadogo.

Wako mtiifu, tofauti na wengine,
Mkokotozi wa Ghorofa ya Tatu

Baada ya kutia sahihi: Utaratibu unataka mlalamikiwa asome malalamiko kabla hayajakufikia, na kwa kuwa molekuli haisomi, nilimpelekea mke wangu. Aliyasoma yote akiwa amesimama. Alinisogezea kiti kwenye hadubini, mahali ambapo kwa miaka sita sikuwahi kukaa, nami nikatazama mpaka saa za kazi zikaisha. Ziko juu, Ndugu Mkurugenzi. Zote, wala hakuna hata moja iliyopita karibu na shimo. Tafadhali ichane barua hii. Mke wangu anasema kosa liko kwenye kanuni ninazoipa kompyuta. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema aliniambia mara nne, na kila mara nilimjibu anyamaze kidogo, kompyuta inafikiri.