Jinsi ya Kumgandisha Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Februari

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Habari kubwa jengoni! Bibi wa chumba namba tatu amehamia kwa binti yake. Namtakia kila la heri. Ameacha mapazia, ua la plastiki, na zamu ya sauna, chumba chetu cha mvuke cha jengo zima, ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Ameishikilia miaka thelathini na minane. Zamu bora kuliko zote. Mawe ya jiko yameshika moto tangu mchana, na usiku mzima mwili unabaki laini.

Zamu yetu sisi ni Jumanne saa tisa mchana. Ya kwanza kabisa, jiko ndiyo kwanza linawashwa. Unayamwagia mawe maji, yanakutazama tu. Yakianza kupata moto, familia ya chumba namba tisa inagonga mlango.

Mimi ningevumilia. Lakini nyonga za Orvokki, mke wangu, zimekuwa mbaya tangu Novemba. Leo nimemsikiliza akipanda kutoka kutupa taka. Ngazi moja, kimya. Ngazi moja, kimya. Ghorofa mbili hivyo hivyo. Daktari amesema joto, tena joto la kweli. Nampenda sana mke wangu. Huku kwetu mambo hayo hayasemwi, lakini daftari hili nani atalisoma?

Nimeandika maombi ya zamu. Kumbe Pentti Alakärppä naye ameandika! Huyu anakaa juu yetu na hutembea na viatu vya mbao kichwani mwangu tangu alfajiri. Mwamuzi ni mwenyekiti wa jengo, Bi Laina Hietala, mwalimu mkuu mstaafu. Atatangaza Jumatatu ijayo. Pentti humwondolea theluji mlangoni kila asubuhi. Mimi sijawahi kumwondolea hata jani. Hali ni mbaya.

Jumanne, 4 Februari

Sauna. Vuguvugu, kama maji ya kunawia mtoto. Orvokki akakaa benchi la juu kabisa na kusema angalau leo hatutaungua, mzee. Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwona akishuka, mkono ukutani.

Hapo ndipo wazo likaja! Bi Laina anakaa juu ya chumba cha mitambo ya joto. Mwaka mzima anatembea ndani na ndala. Mtu asiyejua baridi atajuaje thamani ya joto? Hawezi. Lazima agandishwe.

Wapi? Kule bandarini, kwenye ngome ya theluji wanayoijenga kila mwaka. Ina mkahawa wa barafu: kuta barafu, meza barafu, glasi barafu. Sisi wenyeji hatukanyagi huko, ni mahali pa wageni wanaokuja kwa ndege. Na huku kwetu kila jina lina siku yake ya kusherehekewa kwenye kalenda, na Jumamosi hii ni siku ya jina la Laina! Nani atakataa mwaliko siku ya jina lake? Namkalisha kwenye barafu kwa muda wa saa mbili. Meno yakianza kugongana, mimi nashusha pumzi na kusema: eh, Jumamosi jioni, kuna watu sasa hivi wako saunani. Basi. Mpango hauna tundu hata moja.

Jumatano, 5 Februari

Nimemwalika kwenye ngazi. Alinyamaza muda mrefu. Nami nikanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikasubiri mshindo. Akauliza kwa nini huko, kwa nini nisimkaribishe kahawa nyumbani kama watu wengine. Nikasema ni heshima kwa jina lake. Akakubali! Akauliza avae nini. Nikamwambia asijisumbue, mle ndani ni joto, watu wanavua makoti. Mungu anisamehe.

Orvokki alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaniuliza ninapika nini safari hii. Nikamjibu kwamba ni ukarimu. Alicheka mpaka akashika kitasa.

Mimi nimejiandaa. Nguo za ndani za sufu, pea mbili, juu na chini. Vifuko vya joto vinane, vile vinavyojipasha moto vyenyewe: viwili miguuni, viwili kifuani, vinne mgongoni. Vyote viko kwenye kiti tayari. Nani mjanja?

Ijumaa, 7 Februari

Balaa! Pentti anafanya kazi kwenye ngome hiyo hiyo! Majira haya ya baridi anachonga barafu, na Jumamosi anabeba sahani. Alinikuta kwenye masanduku ya barua. Akasema ameona jina langu kwenye orodha. “Vipi Tauno, siku hizi umekuwa mtalii mjini kwako?” Nikamwambia ninakwenda kukagua kazi yao. Akasema vizuri, atatutafutia meza nzuri. Akatabasamu.

Anatafuta nini na tabasamu lile? Anataka kuniharibia mbele ya Bi Laina, hilo liko wazi. Sitampa nafasi. Hata nikigeuka jiwe, hatasikia kutoka kinywani mwangu kwamba nasikia baridi. Mtu aliyezaliwa huku hasemi neno hilo.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado unauma. Nianze mwanzo.

Asubuhi, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Nikaenda kuvaa. Kiti kitupu! Sufu hakuna, vifuko hakuna. Nikamuuliza Orvokki. Akanijibu huku akikoroga uji kwamba amempa Bi Laina. Alimpigia kumtakia heri ya siku ya jina, ndipo akagundua maskini huyo amepanga kuja na blauzi ya hariri, kwa sababu kuna mjinga mmoja kamdanganya kwamba ndani ni joto. Na vifuko? Navyo amempa. Vyote vinane. Nguo zangu nyingine za sufu zilikuwa zinazunguka kwenye mashine ya kufulia.

Nikavaa suti ya kanisani na koti. Suruali nyembamba kama karatasi.

Saa kumi tukaingia, mimi, Orvokki na Bi Laina. Mlangoni binti anagawa majoho mazito kwa kila mgeni. Wageni wa mbali wakayavaa kwa furaha. Orvokki akachukua mawili. Bi Laina akalirudisha lake. Akasema yeye amezaliwa kwenye mto huu na hajawahi kuazimwa koti. Sasa mimi ningefanyaje? Nilivua hata skafu! Nikasema humu kuna joto kidogo.

Tukakaa kwenye mabenchi ya barafu yaliyotandikwa ngozi za kulungu. Yangu ilikuwa na sehemu yenye upara. Bi Laina alikaa wima kama yuko mkutano wa wazazi, mashavu mekundu, ananawiri. Mkononi mwake nikaona ncha ya sufu yangu, ile aliyoishona Orvokki kwa uzi wa kijani. Baada ya robo saa Bi Laina akafungua kifungo! Vifuko vyangu vinane vilikuwa vinafanya kazi.

Supu ya kulungu ikaja ya moto. Dakika tatu baadaye ilikuwa na utando mweupe. Samaki akaja amefungwa kwenye foili, nikaikumbatia ile foili kwa mikono miwili, sikutaka kuifungua. Pentti akasimama juu yangu ndani ya ovaroli lake, akaniinamia. “Vaa joho bwana. Utaganda hapo, na mimi zamu yangu ya kuchonga vinyago ni Jumanne.” Meza ya jirani ikacheka. Nikamjibu kwamba nashangaa wanavyopasha moto mahali hapa kupita kiasi. Nilitaka kusema “kiasi” mara moja tu, meno yakalisema mara tatu.

Bi Laina hakuonyesha dalili yoyote ya kuganda. Lakini nilikuwa nimefika mbali. Nikapiga moyo konde, nikainua glasi ya barafu yenye maji ya matunda ya porini, ninywe kidogo, nishushe pumzi, niseme yangu kuhusu sauna.

Glasi hizo wanaziweka nje. Nje, kwenye nyuzi ishirini na nane! Mdomo wa chini ukanata.

Nikavuta taratibu. Wapi! Basi nikaendelea kunywa. Nusu dakika. Dakika. Glasi ilikuwa tupu na mimi bado nanywa, mkono wa kulia umekufa ganzi juu yake. Bi Laina akauliza kama ni tamu kiasi hicho. Nikatikisa kichwa, na glasi ikatikisika nami. Orvokki akaweka uma chini.

Huku kwetu mtoto wa miaka minne anajua kwamba kitu kilichoganda hakiguswi kwa ulimi wala mdomo, kinanata. Mimi nina sitini na minane. Na Bi Laina alisimamia uwanja wa shule wenye uzio wa chuma kwa miaka thelathini na mmoja. Alinitazama mara moja tu. Akasimama, akapiga kelele mkahawa mzima ukanyamaza: “Usivute! We Tauno, usivute! Pentti, maji ya uvuguvugu, mbio!” Pentti akaja na birika, akanimwagia kidevuni kidogo kidogo, anasema polepole, polepole, karibu. Glasi ikaachia. Wageni wakapiga makofi na picha. Nadhani walifikiri ni mila yetu.

Baada ya hapo sikuweza kuficha. Nilitetemeka mpaka kijiko kikaanguka mezani. Orvokki akanivika majoho yake yote mawili, uso umebadilika, akinisugua mikono. Aliogopa. Nikaona haya kuliko baridi.

Bi Laina akatangaza kwamba karamu imekwisha. Zamu ya Pentti nayo ilikuwa imekwisha, akatubeba kwenye gari lake, kipasha joto mpaka mwisho. Saa kumi na mbili kasoro tano Bi Laina akatoa funguo na kufungua sauna. Ile ile! Zamu isiyo na mwenyewe. Wanaume kwanza, akasema, huyu atatufia.

Benchi la juu, mimi na Pentti. Akamwaga kata moja. Mawe yakaunguruma. Ah! Mvuke ukanipanda mgongoni, masikioni, nikaanza kuhisi vidole vya miguu kimoja kimoja. Nililia kidogo. Kwa mvuke ule haonekani mtu.

Pentti akamwaga kata ya pili, akasubiri mvuke utulie, kama inavyostahili. Kisha, akiwa anatazama mawe, akasema alikwenda kwa Bi Laina Jumatatu jioni kufuta maombi yake. Naye anamsikia Orvokki kwenye ngazi, kule juu. Anasikia kila anaposimama. Jioni ile alisikia, akashindwa kumaliza chakula. Alimwambia Bi Laina zamu wapewe watu wa chini yake. Bi Laina akaandika jioni ile ile, ila kanuni inasema tangazo ni Jumatatu, na Bi Laina na kanuni ni kitu kimoja.

Nikasema jiko hili ni zuri. Akasema ndiyo, ni zuri. Kwetu sisi hiyo ilikuwa hotuba.

Wakaingia wanawake. Nilikaa chumba cha kubadilishia, nimejifunga taulo, nikisikia vicheko vyao na maji yakichemka juu ya mawe. Halafu tukapanda nyumbani. Nilimwacha Orvokki atangulie, nikahesabu. Ngazi, ngazi, ngazi, ngazi. Kwenye kona hakusimama! Akageuka akaniuliza mbona nimebaki chini kama gogo.

Nafuu. Sina neno jingine. Nafuu tupu, kutoka kisigino mpaka utosini.

Jumapili, 9 Februari

Mdomo umevimba kama andazi. Kahawa nimeinywa kwa mrija. Orvokki amelala usiku mzima bila kuamka, mara ya kwanza tangu Novemba. Nilikuwa macho, najua.

Akaniambia kwa upole kwamba haya yote yasingetokea kama ningemwendea Bi Laina na kumwambia mke wangu anaumwa. “Sentensi moja tu, mzee.” Nikakubali. Nikasema nimejifunza. Akanibusu kwenye paji, mahali palipobaki pazima.

Jumatatu, 10 Februari

Tangazo limebandikwa ubaoni, lina muhuri. Jumamosi, saa kumi na mbili: Kerttula, yaani sisi. Nimelisoma mara nne. Nimesimama pale hadi watu wa namba tisa wapite wanione nikilisoma.

Nimewaza. Bi Laina aliamua Jumatatu jioni. Mimi mpango niliupata Jumanne. Maana yake nini? Maana yake mipango yangu inafanya kazi hata kabla sijaianza! Hebu fikiria ningekuwa nimeanza mapema.

Sasa, kuna jambo la maegesho. Kituo cha umeme cha kupashia injini ya gari joto kilicho karibu kabisa na mlango ni cha Pentti. Chetu kiko mwisho wa uwanja, hatua sitini juu ya utelezi, na Orvokki na nyonga zile. Ningeweza kumwomba tubadilishane. Nilipanda mpaka mlangoni kwake. Nilisikia viatu vya mbao vinakuja. Nikainua mkono nigonge.

Nikashuka. Mambo mazito hayaombwi mlangoni, yanahitaji maandalizi. Pentti anapenda kuvua samaki. Nimempigia simu binamu yangu mwenye kibanda cha kuvulia kule ziwani, juu ya barafu. Nimemuuliza kama lile dirisha lililovunjika limeshatengenezwa. Amesema bado, ataliziba kesho. Nimemsihi asiliguse.