Ombi la Kumsafirisha Mume Wangu Kufuata Mashine Zake

Kwako Mkurugenzi wa Karakana ya Magitaa, ambaye pia ni shemeji yangu,

Salamu kwanza. Sisi hatujambo, isipokuwa mlango wa sebuleni, ambao habari zake nitakupa hapa chini.

Mimi ni mke wa mdogo wako, yule ambaye karakana nzima ilimwita Sikio. Nakuandikia kama mkurugenzi, si kama shemeji, kwa kuwa ulipofunga karakana nawe ulimwandikia hivyo. Barua yako ilianza, "Ndugu Mfanyakazi." Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni wewe. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, na mpaka leo imo humo. Imeshafuliwa mara nne.

Ulieleza kwamba magitaa sasa yatatengenezwa na kuuzwa ng'ambo, kwa sababu wateja wako huko. Sina ubishi na hilo, mimi si mtu wa biashara. Malalamiko yangu yanahusu kitu mlichosahau kupakia kwenye makontena.

1. Kugonga. Kwa miaka ishirini na mitatu kazi ya mume wangu ilikuwa kugonga mbao kwa kifundo cha kidole, kutega sikio, na kusema ipi itatoa gitaa na ipi itatoa stuli. Mbao zimeondoka, kidole kimebaki. Wiki ya kwanza aligonga meza, kabati na miguu yote minne ya kitanda. Wiki ya pili akausikiliza mlango wa sebuleni, akasema, "Masikini, una sauti hii yote na kazi yako kufungwa na kufunguliwa tu!" Akaung'oa. Sasa umelazwa juu ya kabati, unakauka. Sebule ina pazia, na wageni wanapiga hodi kwa kukohoa.

2. Msiba. Alifariki jirani yetu, mwalimu mstaafu. Jeneza lilipotuliwa tu, mume wangu akasogea, akaligonga mara mbili, akainamisha sikio. Bibi mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Amejibu?" Vijana wawili hawakusubiri kuambiwa, walitoka mbio na viatu vya wenzao. Aliyetuokoa ni mjane mwenyewe. Alimuuliza kwa upole, "Vipi, baba?" Mume wangu akamwambia, "Mbao nzuri sana, mama. Imekauka vizuri. Mzee yuko pazuri." Mjane akamshika mkono, akamshukuru. Yeye na mjane wanaelewana. Mimi ndiye nisiyeweza kuinua uso mtaani.

3. Wateja. Mwalimu wa kwaya alikwenda karakana kununua gitaa. Mlinzi akampa namba ya simu ya ng'ambo. Akapiga, na binti mmoja mwenye adabu sana akamuuliza gitaa lake lishushwe bandari gani. Mwalimu wa kwaya hana bandari, ana baiskeli. Akaipanda, akaja kwangu na gitaa lake la zamani lililopasuka tumbo, na mume wangu akaliziba. Habari zikaenea. Leo hii nina magitaa kumi na moja ya watu nisiowajua, na tunakula tumesimama kwa sababu meza yote ni gundi. Nikamwambia, "Basi fungua karakana yako." Akanitazama kama nimemtukania mama. "Karakana ya kaka ipo. Kaka akirudi akute nimemzunguka?"

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila siku saa moja asubuhi huvaa aproni na kutoka. Nilidhani amepata kibarua. Juzi nikamfuata. Anakwenda mpaka langoni kwenu, mlinzi anamtolea daftari la wageni, anaandika, anakaa kwenye benchi. Alipoondoka nikaliomba lile daftari. Kurasa nne, mgeni mmoja. Chini ya "Anakotoka" ameandika: nyumbani. Chini ya "Sababu ya kufika" ameandika: kazi. Mlinzi akaniambia, "Mama, siruhusiwi kumwandika kama mfanyakazi. Kumfukuza nako nimeshindwa." Nami nikajifanya nimekuja kuulizia bei ya mbao.

Sasa, Mkurugenzi, nije kwenye ombi. Barua yako inasema mnahamisha kila kitu chenye thamani. Mlihamisha misumeno, randa, mkebe wa gundi uliokwisha kukauka, na hata kile kibao cha jina la marehemu baba yenu kilichokuwa juu ya lango. Nimekwenda kuangalia kilichobaki. Amebaki mlinzi, paka na mume wangu, na paka ni wa mlinzi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, mume wangu naye asafirishwe kwenda kwenye soko la nje. Ni mali ya hapahapa, amekaushwa miaka ishirini na mitatu kivulini, hana ufa wala mdudu. Akikunja magoti anaenea kwenye sanduku la magitaa sita. Nitamfunga blanketi mwenyewe na kuandika "Beba polepole" pande zote. Ikiwa sheria za huko zinataka kila kinachoingia kipimwe sauti, nawahakikishia kwamba anakoroma bila kutoka nje ya mdundo. Na akipata mteja mzuri huko, sitaleta kesi.

Hilo likiwa gumu, basi irudisheni karakana. Likiwa gumu na hilo, mwandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kama mtu na nduguye.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule binti wa simu. Mlinzi anakusalimu. Paka pia, kwa niaba yake.

Wako katika ukoo na katika ustawi wa soko la nje,

Mke wa Mdogo Wako

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mtu wa posta ameleta barua yako. Ilikuwa na jina la mume wangu lakini nimeifungua, Mungu anisamehe. Unasema wanunuzi wa huko wanayarudisha magitaa, kwamba yanalia kama masanduku ya sabuni, kwamba umegonga mbao wewe mwenyewe na hukusikia chochote. Umeandika, "Mdogo wangu, njoo." Na tiketi imo ndani, ya mtu mmoja. Nimeishika tangu chai ya asubuhi. Sasa nimeiweka chini ya godoro, upande wangu, na yeye hajui kitu. Tafadhali sana, shemeji, mwandikie upya umwambie nafasi zimejaa, mmenunua mashine ya kugonga. Yale maneno mawili ya mwanzo, "Mdogo wangu," usiyaguse, yaache vilevile. Na ukiulizwa, barua hii yangu hukuipata.