Mkalimani wa Chumba cha Joto

Jumatatu, 9 Februari

Jambo hili sijamwambia mtu. Hata Kajuju wa nyumba ya pili sijamwambia, na yeye namwambia karibu kila kitu.

Mtoto wa dada yangu Khadra anaiva kama mkate kule chumbani, na ni mimi niliyemtia kwenye tanuri.

Ilikuwa wiki iliyopita, siku ya kutoka kliniki. Khadra alikuwa ndani anavaa. Nesi Gacheri alitukuta nje, mimi na Ayeeyo, yaani nyanya yetu, aliyekuja kutoka Wajir kumlea mzazi kwa sababu Mama hayuko tena duniani. Kiswahili cha Ayeeyo ni cha kununua vitunguu tu. Kwa hivyo nikawa mkalimani. Mimi! Mimi ambaye nikiinua mkono darasani na mwalimu akaniona, najifanya nilikuwa najikuna.

Nesi akasema: huu ni mwezi wa joto, Isiolo inachoma, mtoto asifunikwe mablanketi, dirisha liwe wazi, na makaa yasiingie chumbani kabisa. Ayeeyo akaniuliza amesema nini. Uso wake ulikuwa umeshajiandaa kukasirika. Nikamwambia nesi anamsifu. Eti ameona huyu ni mtu anayejua uzazi, aendelee vivyo hivyo.

Ayeeyo akamshika nesi mkono, akamwombea dua ndefu. Nesi akafurahi. Wote wakafurahi!

Sasa Khadra yuko ndani ya arobaini yake. Dirisha limezibwa kwa selotepu. Mlango una mapazia mawili. Dabqaad, kile chetezo cha udongo cha makaa na ubani, iko karibu na kitanda tangu asubuhi, ndio baridi isiingie kwenye mifupa ya mzazi. Baridi! Hapa mtaani Kiwanjani! Mwezi wa pili! Saa sita mabati ya paa yanalia yenyewe, ta, ta, kama kuna mtu anatembea juu.

Nitarekebisha. Lakini bila kusema.

Jumanne, 10 Februari

Shemeji Ahmednasir, mume wa Khadra, ameleta eisii, ile mashine ya kupoza hewa. Ni ya mitumba, ilitolewa kwenye gesti moja iliyofungwa huko Ngaremara. Aliiingiza mwenyewe mabegani, jasho linamtoka, anatabasamu kama amezaa yeye.

Ayeeyo akauliza hicho ni nini. Akaambiwa. Akasema anakijua, alikiona mochari moja huko Garissa, na waliolazwa chini yake hakuna hata mmoja aliyeamka kumshukuru fundi. Shemeji akasema kwenye mahoteli watu wanalipa zaidi ndio walale chini yake. Ayeeyo akasema hao hawajazaa juzi. Shemeji, kwa sauti ndogo sasa, akasema ni mtoto wake, na joto hili litamwua. Hapo Ayeeyo akaniita.

Nilijua. Nikaenda hivyo hivyo.

Akaniambia: Jawahir, sema mbele ya shemeji yako, yule nesi aliyesoma alisema nini? Shemeji akaniangalia. Khadra akaniangalia kupitia pazia, uso umelowa, nywele zimenata shavuni. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya mguu. Nikasema: alisema aendelee vivyo hivyo.

Shemeji hakubishana tena. Na nesi utabishana naye vipi? Eisii imebaki koridoo ndani ya boksi lake. Ayeeyo ameweka thamosi ya chai juu yake.

Jumatano, 11 Februari

Mpango wa kwanza. Feni yetu ilikuwa imefungiwa stoo. Ayeeyo alipokuwa anaswali adhuhuri niliichomoa, nikaisukuma chini ya kitanda, nikaifunika na leso, waya nikaupitisha nyuma ya kabati. Nikiwasha, hewa itapanda polepole na hakuna atakayejua inatoka wapi. Nilijiona injinia.

Alasiri wakaja wanawake wa mtaa kumpongeza Khadra, madera mapya, manukato. Nikawasha. Kumbe ili wageni wapate pa kukaa, Ayeeyo alikuwa ameisukuma dabqaad chini ya kitanda!

Jivu! Hatukuonana. Cheche moja ikatua kwenye dera la Mama Huka, likatoboka hapo hapo. Wanawake wakakohoa, kisha wakacheka, mmoja akauliza kama wameitwa kuona mtoto au kufukizwa kama nyuki. Mimi sikucheka. Nilimwona Khadra alivyomlalia mtoto kumkinga. Kama cheche ingeenda upande wa pili...

Ayeeyo hakunigombeza. Aliniuliza tu kama sasa nimeona upepo unafanya nini. Halafu akaukata waya wa feni kwa kisu cha nyama.

Alhamisi, 12 Februari

Mpango wa pili, wa kimya kimya. Mamake Kajuju anauza barafu. Kajuju akanipa chupa ya maji iliyoganda, akauliza ni ya nini, nikasema ni ya jino. Akasema jino gani hilo la lita mbili. Nikaondoka.

Nikaifunga chupa kwa leso, nikailaza karibu na miguu ya mtoto. Akanyamaza! Akalala, mdomo wazi kidogo. Khadra naye akalala. Nilisimama hapo nikawaangalia, nikalia kidogo, kwa furaha nafikiri.

Chupa ilikuwa na ufa.

Nikaichomoa, nikaificha ndani ya sketi ya shule, lakini leso na shuka vilikuwa vimeshalowa. Ayeeyo akaja kubadilisha nepi. Mkono ukatua kwenye maji ya barafu. Alivyopiga kelele, hata kwa kina Kajuju walisimama. Mtoto anakojoa baridi! Baridi imeshaingia tumboni, sasa inatokea chini!

Nilikuwa pale pale. Chupa inanichoma paja. Neno moja tu lingetosha.

Sasa kuna blanketi la pili. Na dabqaad ya pili.

Ijumaa, 13 Februari

Mtoto ana vipele shingoni, kwapani, mgongoni kote. Leo hajanyonya vizuri. Analia, lakini sauti imekuwa ndogo kama ya paka aliye mbali. Nepi ya asubuhi ilikuwa kavu. Ayeeyo anamsomea, anampaka samli, na kila dakika anamgusa kifua kuona kama anapumua. Anaogopa. Nilidhani hapa nyumbani kazi hiyo ni yangu peke yangu.

Shemeji yuko njiani na lori la Moyale. Simu haishiki.

Niliamua kusema ukweli. Nikasimama mlangoni. Ayeeyo akauliza nataka nini. Nikauliza kama niongeze maziwa kwenye chai.

Basi, mpango wa tatu. Nilikimbia mpaka kliniki, nikamwambia Nesi Gacheri mtoto hanyonyi. Akauliza kama dirisha liko wazi. Nikajikuna. Akachukua mkoba wake bila kungoja jibu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: aseme yeye mwenyewe, mimi niko jikoni.

Nilimsikia akirarua selotepu. Nilisikia mablanketi yakianguka chini. Akaomba maji ya kawaida na kitambaa. Akasema jua likizama kabla huyu mtoto hajanyonya, ni hospitali moja kwa moja. Halafu akasema, kwa uchungu kabisa, si nilieleza haya yote siku ile? Khadra akauliza ulimweleza nani.

Nikasikia jina langu.

Khadra ndiye aliyetafsiri safari hii, polepole, hakuruka kitu. Ayeeyo akaja jikoni. Akauliza kwa nini. Nikasema nilikuogopa. Akauliza yeye amewahi kumla nani.

Hakungoja jibu. Alizibeba dabqaad zote mbili nje, akamwagia makaa mchanga, akaketi hapo peke yake juani. Kabla ya adhana ya magharibi mtoto alinyonya. Tulimsikia akimeza. Ayeeyo alifunika uso kwa shela.

Jumapili, 15 Februari

Nesi amekuja tena kumwangalia mtoto. Vipele vinakauka. Dirisha liko wazi, limewekwa neti. Kuhusu eisii, nesi anasema dirisha linatosha, na siku wakiifunga ukutani isimpige mtoto moja kwa moja. Ayeeyo amekubali dirisha. Eisii anasema ikae tu ilipo, inashikilia thamosi vizuri.

Kabla ya kwenda, nesi akampima Ayeeyo presha barazani. Khadra alikuwa amelala na mtoto. Nesi akataka aamshwe atafsiri. Ayeeyo akaelewa, akakataa kwa kichwa. Akanivuta mkono mbele ya nesi, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Huyu. Huyu mdomo yangu."

Nikaapa moyoni. Kweli niliapa.

Nesi akasema presha iko juu, tena juu sana. Apunguze chumvi, apunguze samli, na kesho asikose kliniki aanzishiwe dawa. Ayeeyo akanigeukia. Alikuwa anatabasamu. Tangu afike kutoka Wajir hajawahi kunitabasamia mimi, mimi peke yangu.

Nikamwambia: nesi anasema una damu ya msichana.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Akampa nesi kopo la samli abebe. Nesi alishangaa kidogo jinsi watu wengine wanavyopokea habari za presha.

Lakini safari hii nina mpango mzuri. Kliniki nitamwambia tunampeleka mtoto. Dawa nitaisaga, niitie kwenye chai yake. Na chumvi nimeshaihamisha, iko chini ya godoro langu. Nitampimia mwenyewe kidogo kidogo, ulimi hautajua.

Ndara zinaburuzika koridoo. Ni zake. Anauliza nyumba nzima chumvi imeenda wapi. Anakuja huku.

Nimekaa juu ya godoro, karatasi ya chumvi chini yangu.