Kusoma kwa Masikio

Jumatatu, tarehe 6 Novemba

Nimenunua kitabu cha sheria ya mali. Kurasa mia tatu na kumi na mbili. Herufi ndogo kama ulezi, na Kifaransa cha watu waliokufa zamani. Egzame, mtihani wa kozi yetu ya jioni, ni baada ya wiki mbili, ya mudomo, mbele ya mwalimu wetu, Asistan Janvier.

Lazima nifaulu. Muzee Bashige, shefu wetu wa biro, anaacha kazi, anaenda pansio mwezi wa pili, na direkta amesema wazi kwamba kiti chake kitapewa karani atakayefanya vizuri katika sheria. Makarani tunaofuata kozi za jioni tuko wawili: mimi, Buhendwa, miaka arobaini na saba, mutu wa arshive na mafaili ya zamani, na Evariste. Evariste ni jirani yangu pia hapa Mapendo, ukuta kwa ukuta. Mungu hakuwa na jirani mwingine wa kunipa.

Nimesoma ukurasa wa kwanza mara nne. Mara ya nne niliamka na kona ya kitabu imechorwa kwenye shavu.

Jumanne, tarehe 7 Novemba

Mbinu. Nimenunua kalamu nene ya manjano ili kuweka alama kwenye mambo ya maana tu. Kumbe yote yalionekana ya maana. Kufikia ukurasa wa tisa kitabu kimekuwa kama ndizi mbivu na kalamu imekauka. Nabintu, bibi yangu wa ndoa, ameniuliza kama nimekisoma ao nimekipaka rangi. Nimemweleza kwamba kupaka ndiyo hatua ya kwanza.

Kazini Evariste alitembea na kitabu chake kwapani siku nzima. Anasema amefika sura ya nne. Alipoenda kunawa mikono nilichungulia. Kikaratasi chake kiko kwenye dibaji. Nilikula chakula cha mchana kwa amani.

Alhamisi, tarehe 9 Novemba

Nilimpendekezea Evariste tugawane kitabu kwa faida ya ujirani: yeye nusu ya kwanza, mimi nusu ya pili, halafu tuelezane. Mpango wangu ulikuwa kumwacha aeleze yote, kisha mimi nishikwe na malaria. Alikubali haraka. Haraka sana.

Jioni tulikaa kwangu. Nilimwomba aanze, kwa kuwa yeye ni mgeni. Yeye aliniomba nianze, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Tuliheshimiana hivyo saa nzima. Nabintu alileta chai na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa. Sambaza zilipoisha, Evariste alikumbuka kazi fulani nyumbani.

Ni wazi hakusoma hata mstari mmoja. Imenikasirisha. Mutu akitoa neno lake, alishike.

Ijumaa, tarehe 10 Novemba

Nimejielewa. Mimi si mutu wa macho, ni mutu wa masikio. Matangazo ya redio ya mwaka jana nayakumbuka mpaka leo. Basi kitabu nisomewe.

Nabintu alisoma kwa masista huko Bukavu, ana diploma yake ya serikali ya kumaliza sekondari, na Kifaransa chake hakikwami. Alisema ana maharagwe ya kuchagua. Nikasema mutu anaweza kuchagua maharagwe huku anasoma. Akasema vizuri, nichague mimi. Basi nilichagua maharagwe, yeye akasoma. Kufikia ukurasa wa ishirini nilifumba macho ili maneno yaingie vizuri zaidi.

"Papa Buhendwa, unalala?"

"Hapana. Ninashika."

Akaniuliza nimeshika nini. Nikamwambia maswali ya namna hiyo yanamkata mutu mawazo.

Jumapili, tarehe 12 Novemba

Baada ya misa tumeendelea. Tuko ukurasa wa tisini. Nabintu ameanza tabia mpya: anasimama katikati na kurudia kipande kimoja, polepole, bila kuniangalia, kama mutu anayeonja mchuzi.

Aliniuliza tofauti ya kuwa mwenye kitu na kuwa mwenye kukishika tu. Nilimjibu kwamba jambo hilo litakuja mbele. Akasema lilikuja Ijumaa. Kisha akanieleza kwa mfano wa sufuria ambayo dada yake aliazima. Maelezo mazuri sana, nafikiri. Nilikuwa nasikiliza sauti.

Jumanne, tarehe 14 Novemba

Mvua kubwa. Niandike hapa kwamba tangu Evariste abadilishe paa lake, mwaka mmoja sasa, maji yake yote yanaruka ukuta wetu wa mawe ya volkano na kuingia jikoni kwetu. Kila mvua tunakimbiza makala ya kupikia yasilowe. Kwa mwaka mzima nimemlaumu Evariste kwa ukali sana, ndani ya nyumba.

Leo Nabintu alifunga kitenge vizuri, akachukua kitabu changu, akatoka. Nilimfuata mpaka mulangoni.

"Papa Evariste," alisema, bila kupaza sauti, "maji ya paa lako yanapashwa kuanguka kwako ao kwenye barabara. Kwa jirani, hapana. Iko ndani ya kitabu chenu."

Evariste akauliza ukurasa gani. Mwanafunzi wa sheria, anauliza ukurasa gani. Nabintu akamfungulia na kumwekea kidole. Watu wa avenyu walikuwa wamesimama na miavuli yao. Evariste alisoma, akasema atahakikisha.

Niliona fahari. Niliwaambia majirani kwamba ni mimi ninayemfundisha.

Alhamisi, tarehe 16 Novemba

Evariste amekataa kushindwa na bibi yangu. Siku mbili amesoma hata pale kwenye giche, dirisha la kupokea watu, nao wamepanga foleni mbele yake na vyeti vyao mikononi. Kikaratasi chake kimepita katikati ya kitabu. Nilidhani ni mbinu ya kunitisha.

Jioni alikuja ukutani na hoja: maji yamekwisha kupita njia ile, basi njia imekuwa haki yake. Nabintu akamjibu kwamba haki ya namna hiyo inataka miaka mingi, na yeye ana mwaka mmoja na kiburi. Evariste akarudi ndani, akatoka na ukurasa mwingine. Nabintu akampa ukurasa uliofuata. Walisemezana hivyo mpaka maharagwe yakaiva, kwa adabu, kila mmoja na kitabu mkononi. Yaani mmoja na chake, mwingine na changu.

Mimi nilitumia nafasi hiyo kupumzisha masikio.

Jumamosi, tarehe 18 Novemba

Fundi amekuja kwa Evariste na kufunga mufereji wa bati. Mvua ilinyesha saa tisa. Maji yote yalikwenda barabarani. Nabintu alisimama jikoni, miguu mikavu, akiangalia nje muda mrefu. Nilimwambia tusherehekee kwa kuacha kusoma leo. Akasema yeye alikwisha kumaliza kitabu jana.

Jumatatu, tarehe 20 Novemba

Egzame.

Asistan Janvier aliniuliza: jirani ana paa, maji yake yanaanguka kwenye parsele, kiwanja cha mwenzake, sheria inasema nini? Nilikaribia kumkumbatia. Nilimweleza yote: mvua, ukuta, makala, kitenge, miavuli, fundi na urefu wa mufereji. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa.

"Na musingi wa kisheria, Papa Buhendwa?"

"Asistan, huo uko kwa bibi yangu."

Aliangalia orodha yake ya wanafunzi. Kisha akauliza kama bibi yangu ameandikishwa. Nikasema hapana. Akaandika sita juu ya ishirini.

Evariste aliulizwa habari ya haki inayoletwa na miaka. Kumi na tano.

Jumatano, tarehe 22 Novemba

Muzee Bashige amemwonyesha Evariste kabati la mihuri ya shefu. Aliponiona alifunga mulango taratibu, kama mutu anayefunga chumba cha mgonjwa. Nilirudi arshive, nikapanga mafaili yaliyokuwa yamepangwa.

Jioni Evariste alileta soda kumshukuru Nabintu. Alisema bila yeye asingefungua kitabu kile. Alipoondoka, Nabintu alitoa valizi chini ya kitanda, na chini ya vitenge akatoa diploma yake. Pembe zimekuwa za rangi ya chai. Akasema, akiikunjua, kwamba anataka kujiandikisha kwenye kozi ya sheria mwaka ujao. Akasema baba yake alimwahidi kumsomesha zaidi, kisha tukaoana, na hakuna aliyemuuliza tena.

Miaka ishirini na mbili, na mimi pia sikumuuliza. Nilimwambia ajiandikishe. Aliifuta diploma kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

Nimefikiri sana. Kosa la egzame nimeliona: Nabintu anasoma kwa sauti laini mno, inabembeleza. Mwaka ujao tutakuwa darasa moja, kwa kuwa mimi ninarudia. Nimemwomba aanze kuzoeza sauti nzito.

Nimemwambia pia asiogope ukubwa wa vitabu. Wengine wanaingia pale peke yao. Yeye atakaa kando ya mutu mwenye uzoefu.